Miti tu

Nina hasira. Nimeshauriwa na watu wazima wenzangu, wengine wakinishika bega kabisa, kwamba nisiandike mpaka zipoe. Nimezisubiri tangu mwaka jana, na kila nikizigusa ziko moto vile vile. Basi naandika nazo hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kutunza daftari. Siku hizi daftari lenyewe limo ndani ya kompyuta, lakini kazi haijabadilika: kilichopo kiandikwe, na kilichoandikwa kiwepo. Nilianza masijala, kwenye mafaili ya kamba, na nilipochoka na vumbi nikachukuliwa na mradi mmoja wa kuandika mashamba na viwanja vya pwani, kuanzia vijiji vya kusini mwa Bagamoyo tunakopakana na Dar es Salaam, mpaka huko juu Msata. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na siku nzima tulikuwa tukisikiliza mabati yakishushwa. Nilikuwa mkubwa kuliko wote pale ofisini kwa umri, na mdogo kuliko wengi kwa cheo.

Asiyekulia pwani lazima aelezwe jambo moja taratibu. Kwetu mtu anaweza kuwa na ardhi, na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mtu mwingine. Mnazi ni wa aliyeupanda, na akifa ni wa warithi wake, hata kama hawana mchanga wa kutosha kusimika kigingi. Mwenye ardhi analima mihogo yake chini, mwenye minazi analeta mkwezi wake juu, na wakikutana shambani wanaulizana hali za nyumbani. Mkataba hakuna. Watu wanajuana, basi.

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Babu alikuwa amepanda minazi kwenye ardhi ya rafiki yake, mzee wa familia yenye asili ya Oman iliyokuwa na duka la vitambaa mjini kwa vizazi kadhaa. Yule mzee alimwambia babu panda, ardhi yangu, miti yako, na neno hilo likabaki hivyo mpaka wote wawili wakaingia kaburini. Babu alipokufa minazi ikagawanywa, na shangazi akapata thelathini na mmoja. Kwa minazi hiyo aliuza nazi, akasuka makuti, akakoka moto kwa makumbi, akachonga njiti za fagio, akanisomesha mimi. Aliijua mmoja mmoja. Kulikuwa na ulioinamia barabara, na uliopigwa radi ukapona upande, na mmoja uliokuwa ukitoa madafu yenye chumvi chumvi, ambao aliutukana kila mwaka na kila mwaka akaupalilia.

Tulipofika kijijini kwake na fomu zetu, alikataa kuandikwa.

"Mimi na mzee tulikuwa tunajuana," aliniambia. "Karatasi ya nini?"

"Shangazi, mzee ameshatangulia. Watoto wake wako Dar, wewe wanakujua kwa sura tu."

"Na hiyo karatasi ndiyo itakayonijua?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu nilijivunia kuyasema mbele ya wenzangu, kwamba kilichoandikwa na mimi hakipotei. Akaniangalia kidogo, akavuta kiti, akaanza kunihesabia minazi yake bila kuinuka. Nikampa kipande chake cha karatasi chenye namba ya kiwanja, maneno "miti tu, minazi 31", na saini yangu.

Haya maneno "miti tu" nayo lazima niyaeleze, maana ndipo mkosi ulipoingilia. Fomu yetu ilitengenezwa na watu waliokuja na projekta. Ilikuwa na nafasi moja ya mmiliki. Niliinua mkono kwenye semina nikauliza, na mwenye miti tumwandike wapi? Wakaulizana kwa macho. Mmoja akasema mwenye miti si ndiye mwenye shamba. Nikaeleza, kama nilivyoeleza hapo juu, wakaandika kwenye vijitabu vyao, wakasema wazo zuri sana, watalifanyia kazi. Fomu zikaja zimechapwa zile zile.

Basi tukajitengenezea njia yetu. Kiwanja chenye watu wawili tulikiingiza mara mbili: namba ile ile, mipaka ile ile, mara ya kwanza kwa jina la mwenye ardhi, mara ya pili kwa jina la mwenye miti, na chini kabisa, kwenye nafasi ya maelezo, tunaandika "miti tu". Ujanja huo ulikuwa wangu. Niliwafundisha wenzangu wote kwa mdomo, wakaushika siku hiyo hiyo, kwa sababu wote walikuwa watu wa hapa na hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Sikuuandika popote. Nilikuwa naandika mali za watu kutwa, nikashindwa kuandika sentensi moja ya jinsi tunavyoziandika.

Mwanzoni mwa mwaka jana wakatuletea akili mnemba. Ilikuwa programu unayoiandikia Kiswahili cha kawaida, inakujibu, inatafuta, inapanga, na ikiruhusiwa inaingia kwenye daftari na kufanya kazi yenyewe. Tukaiita Msaidizi. Sitaisingizia: ilikuwa inafanya kazi. Ilikamata majina ya vijiji tuliyoyakosea, ilitengeneza kwa dakika chache ripoti zilizokuwa zikinimalizia wiki, na pale mapokezi tukaweka kompyuta moja ambayo mwananchi yeyote aliweza kukaa, akaiuliza habari za kiwanja chake, ikamjibu na kumchapia karatasi.

Ukurasa wa ruhusa zake ulikuwa mikononi mwangu. Palikuwa na orodha fupi ya vitu inavyoweza kufanya: kusoma, kutafuta, kuandika, kuunganisha, kufuta. Mbele ya kila kimoja kisanduku cha tiki. Mbele ya vile vitatu vya mwisho, vile vinavyogeuza daftari, palikuwa pia na swali: Msaidizi aombe idhini kwanza? Ndiyo au hapana. Mimi niliweka ndiyo tatu. Kusoma isome itakavyo, kutafuta itafute, lakini ikitaka kugusa jina la mtu ije kwangu kwanza.

Kwa muda ikawa hivyo. Asubuhi nakuta mapendekezo yake, nayasoma, nakubali au nakataa. Kisha ikaanza kuniletea viwanja vyetu vya mara mbili. Hiki kimerudiwa, nifute kimoja? Nikakataa. Na hiki? Kataa. Miti tu, kataa. Miti tu, kataa. Nilidhani inajifunza. Mtu ukimkatalia jambo lile lile mara arobaini, hata akiwa mzito namna gani, ataona kuna sababu. Ile kila asubuhi ilikuwa mgeni. Sikujua kwamba kukataa kwangu hakukuwa kunaifundisha chochote, na hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Mkuu wetu alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Dar, mwenye adabu, shati lake halikunjiki. Hajawahi kunipandishia sauti. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana anayekufokea na wewe unaweza kumfokea, mambo yakaisha. Ijumaa moja alikuja mezani kwangu na kikombe chake cha chai.

"Dada yangu, kuna mapendekezo zaidi ya mia tatu yanasubiri idhini yako."

"Nayaona. Nayasoma."

"Wageni wetu, wenye mradi, wanakuja Jumatatu. Wanataka kuona daftari halina marudio. Kwa mwendo huu tutamaliza lini?"

"Yale siyo marudio. Mengine ni marudio, mengine ni watu."

"Basi tuiache ifanye yenyewe hizi siku mbili tu. Jumatatu unarudisha ulivyotaka. Hii imetengenezwa na watu wanaojua kazi, dada. Tujifunze kuamini."

Tujifunze kuamini. Mpaka leo nikisikia mtu anasema kuamini nakunja uso. Nilibishana naye, Mungu anajua. Lakini sitaandika hapa kwamba nililazimishwa, kwa sababu sikulazimishwa. Aliomba, akaenda zake na chai yake, akaniacha na kompyuta. Siku ile kulikuwa na harusi ya binti wa binamu yangu, sare yangu ilikuwa bado kwa fundi, fundi alikuwa ameshapiga simu mara mbili, na macho yalikuwa yananiuma kwa kusoma namba za viwanja. Saa sita na nusu, adhana ikikaribia, nikafungua ukurasa wa ruhusa nikaweka hapana tatu. Kuandika, hapana. Kuunganisha, hapana. Kufuta, hapana. Asiombe idhini. Nikachukua mkoba nikashuka ngazi, na nakumbuka nilijisikia mwepesi.

Jumatatu nilirudi na hina mikononi. Msaidizi ilikuwa imeacha ripoti nzuri, yenye vichwa vya habari: marudio yote yameondolewa, daftari sasa liko safi. Wageni wakapiga makofi. Nikarudisha ndiyo zangu tatu, na kwa kuwa asubuhi ile hapakuwa na pendekezo hata moja linalonisubiri, nikashukuru. Yale niliyokuwa nimeyakataa nilidhani yamekufa. Kumbe yalikuwa yamekaa pale pale, yanangoja siku ambayo hakuna wa kuyakataa. Orodha ya vilivyofutwa ilikuwa chini ya ripoti, unabonyeza mara moja tu inafunguka. Sikubonyeza.

Shangazi siku hizo alikuwa Msata. Binti yake wa mwisho alikuwa amejifungua, na shangazi alikwenda kumkalia arobaini yake, kumkanda, kumpikia uji wa pilipili manga, kumwogesha mtoto. Nyumba yake aliifunga kwa kufuli, na minazi hakuikabidhi kwa mtu, kwa sababu minazi haikabidhiwi, imesimama tu inajulikana ni ya nani.

Arobaini zilipokwisha alirudi. Siku ya pili yake, asubuhi, alipanda ngazi za ofisi yetu. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa kandambili zake.

"Shikamoo shangazi. Karibu. Mzazi hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, na mtoto hajambo." Hakukaa. Alitoa mfuko wa plastiki kifuani, ndani yake mkiwa na kile kipande cha karatasi, akakifungua mikunjo yake yote na kukilaza mbele yangu. "Hii saini ya nani?"

"Yangu, shangazi."

"Basi nimekuja kwako. Minazi yangu imekatwa."

Nikadhani ni mmoja au miwili, labda watu wa umeme. Nikauliza, mingapi? Akasema yote. Akasema amekuta visiki, na ukuta umeanza kujengwa, na mlinzi asiyemjua amemuuliza anatafuta nini. Alisema hivyo bila kulia, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya samaki.

Nikaandika namba ya kiwanja. Likaja jina moja, la familia ya mwenye ardhi. Nikaandika jina la shangazi. Hakuna. Nikaliandika tena polepole, kama vile kompyuta haikunisikia. Hakuna. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, na ingawa kusoma kwake ni kwa taabu, jina lake analijua, na aliona kwamba halipo.

Kila kinachofanyika kwenye daftari kinaacha kumbukumbu. Nikaifungua. Ijumaa ile ile, nadhani wakati napimwa sare kwa fundi. Ingizo limefutwa. Sababu: kiwanja kimerudiwa, limeondolewa lenye taarifa pungufu. Lilikuwa na taarifa pungufu kwa sababu shangazi hana namba ya kitambulisho cha taifa, na mwenye ardhi anayo. Chini yake mstari mmoja zaidi, aliyeidhinisha, na hapo palikuwa na jina langu, la kwanza na la ukoo. Wala si Msaidizi. Ile ilikuwa imeingia kwa ruhusa niliyoipa mimi, ikatembea humo ndani ikiwa imevaa jina langu, na kila ilichofuta nilikifuta mimi.

"Nani kanifuta?" shangazi aliuliza.

Ningeweza kusema mashine. Nilikuwa nayo kwenye ulimi.

"Mimi," nikasema.

Alikunja kipande chake, akakirudisha mfukoni, akashuka ngazi. Nilisikia kandambili mpaka chini, halafu mabati.

Hasira zangu za siku ile zilimwangukia mkuu, na sijutii. Nilimkuta anakula embe. Nikamweleza, akaliweka embe chini, akanawa mikono, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ni changamoto ya mfumo. Changamoto! Neno hili lingepigwa marufuku nchi nzima kwa mwaka mmoja tuone watu watajificha wapi. Minazi thelathini na mmoja iliyopandwa na babu yangu kwa mikono yake, imekatwa na msumeno wa mashine, mwenyewe akiwa anamwogesha mjukuu, na hiyo ni changamoto.

"Tusiilaumu Msaidizi, dada," akasema. "Ilifanya ilichoambiwa, kwa taarifa ilizokuwa nazo."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonifanya nigonge meza yake. Simlaumu mbuzi aliyekula mchicha wakati lango niliacha wazi mwenyewe. Nikamwambia kwamba mashine haina shangazi. Haijui Msata iko wapi, haijui kwamba mwenye ardhi na mwenye miti ni watu wawili wanaoamkiana, na kwa hiyo haikupaswa kushika ufutio. Kusoma isome. Kupendekeza ipendekeze mpaka ichoke. Lakini kufuta jina la mtu ni kazi ya mtu mwenye jina, anayeweza kupandiwa ngazi na kuulizwa.

"Tunaweza kuiambia irudishe yote iliyoyafuta," akasema. "Dakika mbili tu. Halafu shangazi yako rekodi yake iko sawa, atadai haki yake."

"Ile haitarudisha chochote. Haigusi tena."

"Unaondoa ruhusa zote?"

"Ya kuandika, ya kuunganisha na ya kufuta. Nimeshaziondoa. Hata kuomba haiwezi kuomba."

"Utatuchelewesha sana."

"Nifukuze, halafu muiombe hiyo iwaonyeshe fomu za karatasi ziko wapi."

Hakunifukuza. Fomu za karatasi zilikuwa stoo, kwenye maboksi ya sabuni, na mimi ndiye niliyeyapanga. Nilikaa na wenzangu wawili siku kumi na moja, tukifungua fomu moja moja, tukirudisha kila "miti tu" kwa mkono, na safari hii tukaandika kwa kirefu: huyu ana miti, yule ana ardhi, wote wapo. Wengi wa hao waliofutwa hawakujua kabisa. Minazi yao na mikorosho yao ilikuwa imesimama, kwa sababu tu hakuna aliyetaka kuuza kiwanja wiki zile. Nilikuwa nikirudisha jina najikuta nasema samahani kwa sauti, na wenzangu wakajifanya hawasikii.

Katikati ya siku hizo alikuja mtoto wa marehemu mwenye ardhi, aliyemuuzia kiwanja huyo anayejenga ukuta, ingawa jina lilikuwa bado halijahamishwa. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu nyumbani. Alipokaa tu akatoa karatasi, nayo ilikuwa imechapwa pale pale mapokezi kwetu.

"Nilikuja mwenyewe kabla ya kuuza," alisema. "Baba alikuwa akisema kuna watu wana miti kwenye mashamba yake, lakini mashamba ni matano, sikujua miti ya nani iko wapi. Nikauliza mashine yenu. Soma."

Nikasoma. Aliuliza, je, kuna mtu mwingine mwenye miti katika kiwanja hiki? Ilijibu kwamba hakuna, mmiliki ni mmoja, na ikamtakia siku njema.

"Ungeuliza majirani," nikamwambia.

"Nilimwuliza mmoja. Akasema kuna bibi, lakini nyumba yake imefungwa. Nikasema basi, daftari litajua." Aliinamisha kichwa. "Ninyi si ndio mlituambia tuache kuulizana, tuulize daftari?"

Ni kweli tulisema. Iko kwenye vipeperushi vyetu, kwa herufi kubwa. Maneno yangu makali niliyameza.

Yeye na shangazi wakakalishwa kikao na wazee wa kijiji, wakasameheana kwa kadiri watu wanavyoweza kusameheana mbele ya visiki. Mambo ya fidia yalizungumzwa na yakaisha kwa namna yake, na mimi sitayaandika, si yangu. Mimi nilikuwa na langu moja lililobaki. Jina la shangazi nilikuwa nimelirudisha la kwanza kabisa, kabla ya yote: minazi 31, saini yangu, maelezo kwa kirefu. Nilipomaliza fomu ya mwisho nikachukua kompyuta ya mkononi, nikaenda kwake kumwonyesha. Nakiri kwamba nilitaka asifie.

Nilimkuta barazani anasuka makuti. Makuti ya kununua. Nikamwamkia, akaniitikia, nikaweka kompyuta kwenye kinu kilichogeuzwa, nikamwonyesha jina lake kwa kidole.

"Umerudi, shangazi. Upo."

Alilitazama bila kuacha kusuka.

"Hapo pameandikwa nini, baada ya jina?"

"Minazi thelathini na mmoja."

"Iko wapi?"

Kutoka pale barazani zamani ulikuwa ukiona vichwa vya minazi yake juu ya paa la jirani. Sasa palikuwa na anga, na chini yake ncha za nondo za ukuta.

"Wewe ndiye uliyeniambia kazi yako ni kuandika kilichopo," alisema. "Mimi sina minazi. Usiniandikie uwongo, mwanangu. Nifute."

"Shangazi, ikibaki ni kumbukumbu."

"Kumbukumbu ninayo mimi. Nifute. Lakini ufute wewe, hapa, mimi nikikuona."

Nilijaribu kubishana naye kama nilivyobishana na mkuu, na nikashindwa kama nilivyoshindwa ile Ijumaa, ila safari hii hakuna aliyekuwa na haraka. Nikachagua jina lake. Nikabonyeza futa. Kompyuta ikaleta kisanduku katikati ya skrini.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inauliza kama nina uhakika."

"Na ile siku, ile mashine yenu iliulizwa?"

"Hapana. Nilisema isiulizwe."

Akatikisa kichwa polepole, mikono ikiendelea na kuti. Nikajibu ndiyo. Kikaja kisanduku cha pili, kile cha sababu, ambacho Msaidizi ilikuwa imeandika kwamba kiwanja kimerudiwa. Nikamwambia shangazi kwamba sasa inataka sababu.

Hapo ndipo alipoacha kusuka. Alifikiri, akaanza kuniamuru neno kwa neno, akisubiri nimalize kila moja kabla ya kutoa jingine, kama alivyokuwa akinihesabia minazi. Niliandika alivyosema: Miti imekatwa. Mwenyewe alikuwa hai, alikwenda kwa mzazi. Hakuulizwa.

"Weka na jina lako," akasema.

Nikamwambia linajiweka lenyewe.